Namna ya Kuchagua Panga



Leo nataka kusema nanyi habari ya panga. Mtacheka: nani hajui panga? Lakini hesabuni wenyewe. Ni chombo gani kingine nyumbani kinachofyeka shamba, kinachokata miti ya muhogo ya kupanda, kinachoangusha mkungu wa ngazi, kinachopasua kuni na kuchonga mpini wa jembe? Ni hicho kimoja. Siku hizi vijana wengine hununua kile chombo cha kukunja, chenye kisu na msumeno na koleo pamoja, kwa maana kinang'aa. Simkatazi mtu. Chafaa kwa mwenye kutengeneza pikipiki, lakini hakifyeki shamba, na mchanga ukiingia katika viungo vyake, kukifunga ni taabu.

Mwaka mmoja nilinunua panga sokoni kwa sababu bei yake ilikuwa ndogo na rangi yake nzuri. Siku ya tatu makali yakajikunja kama karatasi. Mwezi wa pili mpini ukalegea, nami niko juu ya mchikichi. Chuma kikachomoka, kikaanguka pale mdogo wangu alipokuwa akiokota ngazi, kikachoma mchanga karibu na mguu wake. Tangu siku ile sinunui kwa macho tu.

Basi, fanyeni hivi. Likunje panga kidogo, kisha uliache: zuri hurudi likanyooka, baya hubaki limepinda. Ligonge kwa jiwe dogo; sauti ikifa upesi, tafuta ufa, maana rangi nene huuficha. Chuma kipite ndani ya mpini mpaka mwisho, na misumari yake iwe imegongwa pande zote mbili. Tena chukua tupa yako: ikiteleza kabisa, chuma ni kigumu mno, kitameguka, ikila upesi sana, ni laini mno. Muuzaji akikukataza kujaribu, pita, nenda kwa mwingine.

Wahunzi wetu nao wanajua kazi. Lakini uliza kwanza chuma kimetoka wapi. Resori ya gari ina kaboni ya kutosha, hushika makali. Chuma laini cha kujengea nyumba hakifai.

Mpini ukivunjika, usitupe panga motoni ili uutoe. Wengi hufanya hivyo, na moto huondoa ugumu wa chuma. Toa misumari tu. Ukimaliza kazi, futa majimaji, upake mafuta ya mawese kidogo. Nawe mama, noa kabla ya kukata miti ya muhogo, vipande vya sentimeta 20 hadi 25. Panga butu huponda mti, nao ukipondeka huweza kuoza udongoni badala ya kutoa mizizi.

Kesho asubuhi leteni mapanga yenu hapa. Ninazo tupa mbili.