Roketi Yenye Mota Mbili
(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)

Nimeombwa nisizungumze habari za ofisini, nami nashukuru. Nitasema habari za roketi.

Nilipokuwa nikisoma Marekani nilijiunga na chama cha watu warushao roketi kwa kujifurahisha. Msidhani ni fataki. Mota zao hupangwa kwa herufi, na kila herufi hufika maradufu ya iliyotangulia: H huishia nyutoni-sekunde 320, I 640, J 1,280. Upana nao umepangwa: milimita 29, 38, 54, 75, 98.

Roketi yangu ilikuwa ya hatua mbili. Mota ya chini huinua mzigo wote. Ikiisha kuungua, sehemu yake huachana na ya juu, na mota ya juu huwashwa na kipima muda cha betri. (Ile Scout iliyopeleka setilaiti ya Uhuru mwaka 1970, kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi, ilikuwa ya hatua 4.) Wazoefu hutaka msukumo wa mota ya chini uwe walau mara 5 ya uzito wa roketi nzima, pamoja na ile mota ya juu ambayo bado haijawaka. Wanaoanza husahau hilo. Mimi sikusahau, nilipuuza.

Siku hiyo mota ya milimita 54 niliyoikusudia haikupatikana. Nilichukua ya 38 yenye nguvu ndogo, nikaivisha bomba la kuzibia nafasi. Ilikaa vizuri mno, nikadanganyika. Kadi ya ukaguzi nilikuwa nimeijaza nyumbani, sikuibadilisha. Mkaguzi aliisoma, akaniamini.

Roketi iliondoka kwenye reli polepole, upepo ukaigeuza pua. Kipima muda hakijui juu wala chini. Sekunde zilipotimia kiliwasha mota ya juu, roketi ikiwa imelala kama mkuki uliotupwa. Ilivuka ua, ikachimba shamba la jirani, hatua kama 40 kutoka kwenye trekta. Dereva alikuwa ameketi juu yake.

Mkaguzi, mzee wa rika la baba yangu, aliniuliza jambo moja tu: "Kadi inasema kweli?" Nilinyamaza. Halafu nikasema hapana. Nilizuiwa kurusha msimu mzima, na yeye akaandika barua ya kujieleza kwa kosa langu. Siku hizi vipo vifaa vinavyopima mwinamo, na roketi ikiinama kupita kiasi vinakataa kuwasha. Lakini havisomi kadi.

Ganda la mota ile lipo hapa mezani, tupu, mnaweza kulishika. Kijana mmoja ameniuliza kama wanaweza kupika baruti maabara. Hapana, mwanangu. Chupa ya plastiki, maji na pampu ya baiskeli vinatosha kuanzia, na pampu nimekuja nayo.