Kutoka Maabara hadi Bustani ya Uhuru

(Hotuba kwa wakazi na waumini wa Mountain View, Nairobi)



Wengi humkumbuka Profesa Wangari Maathai kama mama wa miti. Sisi tunaomba akumbukwe pia kama mwanasayansi, kwa kuwa ujasiri wake ulitokana na desturi ya kitaalamu ya kuuliza: chanzo ni nini?

Alizaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940. Alisomea biolojia Marekani, na mwaka 1971 alipata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Nairobi, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kufikia daraja hilo. Alifundisha anatomia ya mifugo. Alipokuwa akikusanya kupe mashambani ili kuchunguza ndigana kali, aliona yasiyoonekana kwa hadubini: ng'ombe waliokonda na mito iliyobeba udongo. Akatambua kwamba hatari kubwa haikuwa kupe, bali ardhi iliyoachwa uchi.

Akina mama wa mashambani nao walilalamikia ukosefu wa kuni, maji safi na chakula. Chanzo kilikuwa kile kile. Tarehe 5 Juni 1977 miche saba ilipandwa Kamukunji, na kufikia 2004 Vuguvugu la Ukanda wa Kijani lilikuwa limepanda zaidi ya miti milioni 30.

Lakini mche hauoti katika kiwanja kilichonyakuliwa. Mwaka 1989 chama tawala kilikusudia kujenga jumba la ghorofa 60 katika Bustani ya Uhuru. Profesa aliandika barua, za ndani na za ng'ambo, akiuliza maswali. Alikejeliwa Bungeni, hata hivyo wafadhili walijiondoa, na bustani ikabaki ya umma.

Mfumo wa chama kimoja ulifutwa Desemba 1991, ila wafungwa wa kisiasa walibaki gerezani. Februari 1992 mama zao waligoma kula katika bustani hiyo hiyo, Profesa akiwa pamoja nao. Tarehe 3 Machi polisi waliwapiga, naye akazirai. Kanisa Kuu la Watakatifu Wote likawafungulia mlango, wakakaa humo takriban mwaka mmoja, hadi wengi wa wana wao walipoachiliwa. Waumini wenzetu, historia haikuuliza wale akina mama walikuwa wa dhehebu gani.

Januari 1999 alijeruhiwa akitetea msitu wa Karura. Mwaka 2002 watu wa Tetu walimchagua Mbunge, na mwaka 2004 akawa mwanamke wa kwanza Mwafrika kutunukiwa Nishani ya Amani ya Nobel. Alifariki tarehe 25 Septemba 2011. Taasisi yenye jina lake iko Upper Kabete, jirani zetu.

Tangu 2010 Katiba yetu, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Haki hiyo haijilindi. Basi tuijue mipaka ya kila uwanja wa umma mtaani mwetu na ya kila kingo ya mto. Mabati yakizungushwa usiku, asubuhi twende pamoja, kwa amani na kwa maandishi, tuulize: hati ni ya nani, na nani aliitoa? Yeye alianza na swali dogo kuhusu kupe.