Vyumba vya Kupangisha: Tuchague Daftari Gani la Kompyuta?



Hapa kwetu Migori na Homa Bay tunasikia vikundi vikitaka kujenga vyumba karibu na vyuo, kule Rongo na kule Chuo Kikuu cha Tom Mboya. Wazo si baya. Lakini pesa zenyewe ni za akina mama wa omena na mahindi, kwa hivyo hesabu kwanza, mawe baadaye.

Sisi tulikaribia kuumia. Tuliletewa lahajedwali iliyo tayari, yaani lile daftari la kompyuta linalojijumlisha lenyewe. Vyumba 10, kodi shilingi 2,500 kila kimoja, mkopo 18,000 kwa mwezi. Chini kabisa ikatokea faida ya 84,000 kwa mwaka. Tukapiga makofi! Ndipo mama mmoja akauliza, "Na wanafunzi wakienda likizo, analipa nani?" Tukatafuta pa kuandika miezi mitupu. Hapakuwa. Fomula nazo zilifungwa kwa neno la siri. Basi tukarudi kwa karatasi: miezi 8 yenye wapangaji ni 200,000, mkopo 216,000. Tumepungukiwa 16,000, na paa hatujarekebisha.

Tangu siku hiyo hatukubali lahajedwali ambayo fomula zake hatuzioni. Tukibadilisha namba moja, jibu nalo libadilike mbele ya macho yetu. Hata mstari wa ushuru uwemo: tangu Januari 2024, kodi ya nyumba inayopita 288,000 kwa mwaka, hadi milioni 15, hutozwa asilimia 7.5 ya mapato yote, si ya faida. Vyumba vikijaa mwaka mzima, 300,000 zinadai 22,500.

Programu yenyewe? Excel inajulikana sana, ila ile kamili ya kompyuta ina leseni ya kulipia. LibreOffice Calc ni ya bure na haihitaji intaneti, inafaa penye kompyuta ya parokia. Google Sheets pia ni ya bure, hufunguka kwa simu, na huonyesha nani alibadilisha nini. Sisi tulichukua hiyo ya mwisho, kwa sababu mweka hazina hakai nayo peke yake. Mwenyekiti na katibu wanaiona pia. (Bando ndiyo shida, tunachanga.)

Mkutano ujao leteni bei za mawe, mabati na maji za sokoni kwenu, pamoja na masharti ya mkopo. Tutaanza kwa kujaza miezi mitupu.