Mgeni Akifika Kisumu, Tumpeleke Wapi?

Hotuba kwa wakazi wa Kaunti ya Kisumu



Mgeni akituuliza ataona nini hapa, wengi wetu hujibu, "Ziwa." Jibu hilo halitoshi.

Kisumu ulikuwa mji wa soko kabla ya reli. Jina lenyewe huhusishwa na neno la Kijaluo la kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana. Reli ilipofika Desemba 1901, mji uliitwa Port Florence, kwa jina la Florence Preston, mke wa mhandisi wa reli. Baadaye jina la wenyeji likarudi.

Kwa hivyo, mgeni aanzie sokoni. Mpelekeni Kibuye siku ya Jumapili, soko linapofurika, aone omena, nafaka na mitumba. Kisha aingie Makavazi ya Kisumu, yaliyofunguliwa 1980. Humo mna boma la Kijaluo, na ataonyeshwa nyumba ya mikayi, yaani mke wa kwanza. Akishaelewa hilo, mpandisheni matatu ya barabara ya Bondo hadi Kit Mikayi, "jiwe la mke wa kwanza". Ni rundo la majabali makubwa ambapo watu bado huenda kuomba.

Jioni arudi Dunga, ale samaki ufuoni na kutazama ndege kwenye mafunjo.

Hapo Dunga ndipo nina ombi. Mafunjo hutupa mikeka na vikapu. Samaki huzaliana humo, na kuna ndege wasioishi penginepo ila kwenye mafunjo. Tukiyachoma ili tulime, mvuvi atapoteza, msusi atapoteza, na mwenye mashua hatakuwa na la kumwonyesha mgeni. Kateni yaliyokomaa, mwache mizizi ichipuke.

Wenye mashua, tajeni bei kabla ya safari, na kila abiria avae jaketi la kujiokoa. Mgeni aliyetozwa mara mbili harudi, na huko kwao atawaonya wengine.

Nanyi wakazi, msingoje wageni. Jumapili moja wapelekeni watoto wenu Kibuye, makavazi na Kit Mikayi. Mtoto asiyeujua mji wake hawezi kumwelekeza mtu.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.