Tope la Shari haliishii Bunia

Wasikilizaji, mvua kubwa ikinyesha Bunia, mto Shari hubeba udongo mwingi. Usidhani udongo huo wote hutua karibu. Mchanga mzito huburutwa chini, ukatulia maji yanapopungua nguvu. Lakini chembe laini za udongo wa mfinyanzi, ambazo 500 zikipangwa mstari mmoja hazizidi milimita 1, husafiri zikielea: msukosuko wa maji huzirusha juu kila zinapozama. Hata katika maji yaliyotulia kabisa, chembe kubwa kabisa kati ya hizo huchukua takribani siku 3 kushuka mita 1. Ndiyo maana zinaweza kuingia mto Ituri, zikafuata mto Aruwimi hadi mto Kongo, kule Basoko.

Tusiilaumu mvua peke yake. Kulima hadi ukingoni, kukata miti vilimani na kuosha dhahabu mtoni huongeza mzigo huo wa udongo. Mkulima aache ukanda wa majani kando ya mto. Mchimbaji ayatulize maji machafu kwenye mashimo kabla ya kuyarudisha mtoni. Na wakuu wa jimbo wasimamie hayo, kwa kuwa wanaoishi chini ya mto nao wanakunywa maji hayo hayo.