TUSOME ARDHI KABLA YA KUICHIMBA

(Mazungumzo ya afisa elimu ya watu wazima kwa wanakisomo wa vijiji vya Mlima Meru)



Leo hatuzungumzi juu ya mbolea wala kuchemsha maji ya kunywa. Tunazungumza juu ya kusoma. Lakini siyo kusoma karatasi. Tunataka kusoma ardhi.

Katika vijiji vingi tunasikia maneno haya: "Wajerumani walipokimbia walifukia dhahabu. Waliweka alama kwenye mawe." Basi watu wanachukua sururu usiku. Wanapasua mawe na kuchimba mashimo. Asubuhi dhahabu haipo, lipo shimo tu. Lakini hasara imekwisha kuingia. Ni hasara gani? Tutazame mfano wa Engaruka.

Engaruka iko Wilaya ya Monduli, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa. Ukitoka Arusha mjini unapita Makuyuni na Mto wa Mbu, halafu unashika njia ya kaskazini ya kwenda Ziwa Natron. Nchi ile ni kavu. Hata hivyo, pale pana kuta za mawe, mifereji ya kale na mashamba yapatayo hekta 2,000. Kwenye mteremko pana mabaki ya vijiji saba.

Sisi watu wa Meru hatuhitaji kufundishwa mfereji ni nini. Wazee wetu walikinga maji ya mlima wakayapeleka migombani. Watu wa kale wa Engaruka nao walikinga mito inayoshuka ukingoni. Lakini hawakuacha hata barua moja. Sasa habari zao tumezijuaje?

Kwanza, wataalamu hutembea na kutazama kabla ya kuchimba. Hans Reck, Mjerumani, alifika Engaruka mwaka 1913. Louis Leakey alifika mwaka 1935. Miaka ya 1960 alikuja Hamo Sassoon. Mtaalamu hupima kuta na mifereji, akachora ramani.

Pili, huchagua sehemu ndogo. Hupigilia vigingi na kufunga kamba, ardhi ikagawanyika miraba. Huchimba kwa mwiko kama wa fundi mwashi, na kwa brashi. Hachimbi ovyo. Huondoa tabaka moja, kisha jingine. Mnajua jalala la nyumbani: taka za mwaka jana ziko chini, za leo ziko juu. Ardhi nayo ni hivyo hivyo. Kama haikuvurugwa, tabaka la chini ni la zamani kuliko la juu.

Tatu, huandika. Kigae hiki kimetoka mraba gani? Kilikuwa kina gani? Kilikuwa karibu na nini? Udongo nao hupitishwa kwenye chekeche ili vitu vidogo visipotee. Kwa uangalifu wa namna hiyo, pale Engaruka zilipatikana punje za mtama zilizoungua. Ndiyo maana leo tunajua walilima mtama.

Nne, hupima umri. Mti ukiwa hai hupata kutoka hewani aina fulani ya kaboni. Ukifa, kaboni hiyo hupungua polepole, kwa mwendo unaojulikana. Wataalamu hupima iliyobaki katika mkaa wa kale, wakakadiria mti ulikufa lini. Kwa njia hii tumejua kwamba watu waliishi Engaruka tangu miaka ya 1400 hivi hadi miaka ya 1700.

Tena kuna jambo litakalowafurahisha wakulima. Miaka ya 2000 wataalamu walichimba katika baadhi ya mashamba yale. Wakaona kwamba udongo wake uliletwa na maji. Wakulima walijenga kuta za mawe, wakaelekeza humo maji yenye tope. Tope likatuama, na shamba likainuka kidogo kidogo. Yaani watu wale walitengeneza udongo wao wenyewe! Hakuna mzee aliyesimulia habari hii. Imesomwa katika matabaka.

Sasa fikirini mtu mwenye sururu. Kwa usiku mmoja huchanganya tabaka la juu na la chini. Mkaa wa kale huchanganyika na mkaa wa juzi. Punje za mtama hutupwa pamoja na kifusi. Ni sawa na kuchana kitabu ambacho nakala yake ni moja tu duniani. Kigae kikiwa mahali pake ni shahidi. Kikiwa mfukoni mwako ni kigae tu.

Wengine watauliza: "Je, vitu vya kale vifichwe, watu wasivione?" Hapana. Kuonyesha ni sehemu ya kazi hii, lakini kuna namna ya kuonyesha. Kule Laetoli, mwaka 1978, kundi la Mary Leakey lilikuta nyayo za viumbe wa jamii ya binadamu waliotembea juu ya majivu ya volkano, miaka milioni 3.6 iliyopita. Baadaye nyayo zile zilifukiwa tena ili zisiharibike. Mizizi ya miti ikaanza kuzitishia, hivyo kati ya mwaka 1995 na 1996 zilishughulikiwa na kufunikwa upya. Wageni huonyeshwa nakala. Nyayo zenyewe zinalindwa na udongo. Hapa Arusha mjini tunalo Boma la zamani la Wajerumani, ambalo sasa ni makumbusho. Siku ukienda mjini, ingia ujifunze.

Basi ukichimba choo, msingi au mfereji, ukakuta vigae vingi, mifupa mikongwe au ukuta wa mawe, fanya hivi:

1. Simamisha kazi mahali pale.
2. Usihamishe kitu wala kukisafisha.
3. Weka alama, watoto wasichezee.
4. Mwarifu mwenyekiti au mtendaji wa kijiji, ili habari zifike wilayani.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba mambo ya kale bila kibali. Sheria hiyo ni ya wote. Mgeni akija na vyombo vyake, kijiji kimwombe aonyeshe kibali. Tena kimwambie: "Ukimaliza, rudi utueleze ulichokiona." Ardhi ni yetu, na habari zake zitufikie.

Maswali ya kujadili:

1. Kwa nini kigae kisiondolewe mahali pake?
2. Katika kijiji chetu, ni wapi penye mifereji au kuta za zamani? Nani anazitunza?
3. Tutamwambia nini jirani anayetafuta dhahabu ya Wajerumani?