AI imeingia kazini: nani aliulizwa?

Wenzangu, kwenye majukwaa ya siasa tunasikia nyimbo mbili tu: AI italeta ajira, AI itamaliza ajira.

Mimi nilikuwa napokea simu za wateja hapa Nairobi. Sikufutwa. Mashine ilipewa maswali mepesi, salio na namba ya siri iliyosahaulika, mimi nikabaki na wenye hasira kutwa nzima. Na zile simu nyepesi ndizo zilikuwa zinatupumzisha! Aliyepanga hakuwahi kukalia hicho kiti. Mshahara uleule.

Sasa sikizeni. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 10: maelezo ya kazi yako yakibadilika, mwajiri arekebishe mkataba kwa kushauriana nawe, kisha akujulishe kwa maandishi. Kuandikiwa tuliandikiwa, barua pepe Ijumaa jioni. Kushauriwa, hakuna.

Nafasi yako ikiondolewa kabisa, kifungu cha 40 kinadai notisi ya angalau mwezi mmoja, na malipo ya siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliomaliza.

Kwa hivyo mgombea akija kuwaahidi kazi za kidijitali, msikomee kuuliza ni ngapi. Muulizeni pia, zikipangwa upya, anayezifanya ataulizwa lini?